Kufundisha Somo la Mawimbi na Barafu ya Baharini

Mwalimu wa shule ya msingi hulazimika mara nyingi kufundisha mambo ambayo yeye mwenyewe hajayaona, na ambayo wanafunzi wake pengine hawatayaona kamwe. Barafu inayoelea juu ya bahari ni mojawapo. Hatari ya somo la namna hiyo yajulikana: mwalimu huandika maelezo ubaoni, watoto huyanakili, kisha huyakariri. Siku ya mtihani hujibu kwamba barafu hutuliza mawimbi, wakapata alama, ilhali hawajui sababu yake, wala hawajui kwamba jibu hilo ni nusu tu ya ukweli. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha jinsi somo hili linavyoweza kufundishwa katika Darasa la Sita kwa kuanzia mambo anayoyajua mtoto, na kwa vifaa visivyohitaji fedha.

Madhumuni ya somo

Baada ya vipindi viwili, mwanafunzi aweze:
(a) kueleza kwa nini mawimbi mafupi hufifia upesi katika barafu na mawimbi marefu hupenya mbali;
(b) kueleza jinsi wimbi linavyovunja barafu;
(c) kutaja angalau jambo moja linaloonyesha umuhimu wa maarifa haya kwa binadamu.

Mambo ambayo mwalimu hana budi kuyajua

Maji ya bahari, kwa sababu ya chumvi, huganda kwenye nyuzi joto zipatazo -1.8 za Selsiasi, si sifuri kama maji ya mtungini. Bahari ikiwa na mawimbi, barafu haianzi kama kioo. Huanza kama chembe ndogondogo zinazoelea, zikafanya uji mzito unaong'aa kama mafuta. Baadaye uji huo hushikamana ukawa vipande vya mviringo vyenye upana wa sentimita 30 hadi mita 3. Wataalamu wamevifananisha na chapati za maji. Lakini kwa kuwa vipande hivyo hugongana daima na kingo zake huinuka, mwalimu aweza kuvifananisha na masinia. Hivyo basi wimbi huiunda barafu kabla ya kuivunja.

Urefu wa wimbi ni umbali kutoka kilele kimoja hadi kilele kinachofuata. Usichanganywe na kimo, yaani tofauti ya kwenda juu baina ya bonde na kilele. Katika bahari yenye kina kirefu, wimbi ambalo vilele vyake hupita kila baada ya sekunde 5 lina urefu wa mita 39 hivi. La sekunde 10 lina mita 156. La sekunde 15 lina mita 351. Mwalimu ayashike vema makadirio haya, maana ndiyo ufunguo wa somo zima.

Hatua ya kwanza: kuingia katika somo

Mwalimu aulize: "Mtu anayetoka kisimani na ndoo kichwani, kwa nini huweka majani juu ya maji?" Watoto wengi watajibu mara moja kwamba maji yasimwagike. Aendelee kuuliza: "Majani hayo hufanya nini hata maji yakatulia?" Hapa majibu yatatofautiana, na ni vizuri yatofautiane. Mwalimu asiyasahihishe bado; ayaandike yote ubaoni, kisha aseme kwamba darasa litayapima kwa jaribio.

Hatua ya pili: jaribio

Vifaa ni beseni pana lenye maji, ndala kuukuu zilizokatwa vipande vya mraba, ubao mdogo, na ganda la karanga litakaloelea upande wa mbali kama mashua. Kipande kimoja cha ndala kitiwe alama.

Kwanza, bila kuweka vipande, mwanafunzi aguseguse maji upesi kwa ncha ya kidole. Viwimbi vidogo vitafika upande wa pili na ganda litatikisika. Pili, vipande vitandazwe katikati ya beseni, na kidole kiguse tena vilevile. Viwimbi vitaingia katika vipande na kufifia, na ganda litatulia. Tatu, mwanafunzi atumie ubao kuyasukuma maji polepole, juu na chini. Safari hii vipande vyote vitainuka na kushuka pamoja, na ganda litapanda na kushuka, kana kwamba hapakuwa na kizuizi.

Mwalimu asiwe na haraka ya kueleza. Awaombe wanafunzi wasema kwanza walichokiona, kisha wanachofikiri. Awaelekeze pia wakitazame kile kipande chenye alama: hupanda na kushuka, hakisafiri kwenda upande wa pili pamoja na wimbi. Kinachosafiri ni nishati.

Hatua ya tatu: maelezo

Wimbi refu likikutana na kipande kidogo cha barafu hukiinua na kukishusha kama linavyofanya mashua, nalo likaendelea na safari. Lakini wimbi fupi likikutana na kipande kinacholingana nalo kwa urefu au kulizidi, kipande hakiwezi kufuata kila kilele na kila bonde. Wimbi hupiga ukingoni. Sehemu yake hurudishwa nyuma na sehemu nyingine hutawanywa kando. Jambo hili hurudiwa katika vipande maelfu. Pamoja na hayo, vipande husuguana na kugongana, na maji yaliyo chini yake husuguana na barafu, hata nishati ya wimbi ikageuka joto kidogokidogo. Mwalimu asikubali jibu lisemalo kwamba nishati "imekwisha". Nishati haipotei; hugeuzwa au huelekezwa kwingine.

Hapa hesabu yaweza kusaidia sana. Tuseme, kwa mfano wa darasani tu, kwamba wimbi fupi lenye kimo cha mita 4 hupungukiwa nusu ya kimo chake kila baada ya kilomita 10, na wimbi refu lenye kimo hichohicho hupungukiwa nusu kila baada ya kilomita 40. Wanafunzi wachore jedwali. Wataona kwamba katika kilomita ya 40 wimbi fupi limebaki na robo mita, na wimbi refu bado lina mita 2. Barafu, basi, ni kama chujio: huzuia mawimbi mafupi na kuyapitisha marefu. Gordon Robin alilichunguza jambo hili kwa vipimo vilivyofanywa melini katika Bahari ya Weddell, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1963.

Hatua ya nne: barafu huvunjikaje?

Kila mwanafunzi apewe chaki moja. Aishike ncha zote mbili na kuikunja. Itavunjika kwa urahisi. Kisha akivunje kipande kilichobaki, na tena, na tena. Atagundua kwamba kadiri chaki inavyokuwa fupi, ndivyo inavyokuwa vigumu kuikunja na kuivunja. Barafu nayo ni hivyo. Kipande kirefu kikiwa na kilele cha wimbi chini ya kiuno chake, na mabonde chini ya ncha zake, hukunjwa mpaka kikapasuka. Vipande vifupi hunusurika, maana huelea juu ya mteremko wa wimbi bila kukunjwa sana. Ndiyo sababu karibu na ukingo wa barafu vipande huwa vidogo, na kadiri mtu anavyoingia ndani ndivyo anavyokuta vipande vikubwa zaidi.

Kwa mfano wa kihistoria, mwalimu awasimulie wanafunzi habari za Ernest Shackleton na wenzake. Meli yao, Endurance, ilibanwa na barafu ya Bahari ya Weddell, ikazama Novemba 1915. Waliishi juu ya barafu kwa miezi kadhaa. Usiku wa Aprili 9, 1916, kipande walichopiga kambi kilipasuliwa na mawimbi ya bahari chini ya hema. Baharia mmoja alitumbukia majini akiwa ndani ya mfuko wake wa kulalia. Shackleton akamvuta nje kabla ufa haujajifunga. Mtoto aliyeivunja chaki kwa mikono yake ataelewa mara moja jambo lililotokea usiku ule.

Umuhimu wa maarifa haya

Mwaka 2012 watafiti waliweka vyombo vya kupimia juu ya barafu karibu na Antaktika. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba mawimbi yenye kimo cha zaidi ya mita 3 hupungua polepole kuliko ilivyodhaniwa, nayo yaweza kuvunja barafu mamia ya kilomita kutoka ukingoni. Mwaka huohuo wa 2012, barafu ya Bahari ya Aktiki ilipungua mwezi Septemba hadi kilomita za mraba zipatazo milioni 3.4, kiasi kidogo kuliko vyote vilivyowahi kupimwa kwa setilaiti hadi wakati huo. Barafu inapopungua, upepo hupata uwanja mpana wa kuzalisha mawimbi makubwa. Mawimbi huvunja barafu iliyosalia. Na vipande vidogo huyeyuka upesi kwa kuwa maji huvizunguka pande zote. Ni duara linalojiendesha lenyewe. Manahodha wa nchi hizo, na watu wa pwani zao ambao barafu ilikuwa ngao yao dhidi ya tufani, hawana budi kulijua.

Mazoezi

1. Rudieni majibu yaliyoandikwa ubaoni mwanzoni. Yapi yamethibitishwa na jaribio, na yapi yamekataliwa?
2. Kwa nini majani ndoononi hutuliza maji, lakini mbebaji akijikwaa maji humwagika vilevile?
3. Chora kipande kirefu cha barafu juu ya wimbi, uonyeshe mahali kitakapopasukia.

Swali la pili ndilo kipimo cha somo. Mwanafunzi atakayejibu kwamba majani huzuia mtikisiko mdogo wa haraka, lakini hayawezi kuyazuia maji yote yanayoyumba kwa pamoja, ameielewa bahari ya barafu ingawa hajaiona. Aliyekariri tu hataweza kulijibu, na hapo mwalimu atajua ni wapi arudie.