Kugawa Bure na Bado Kupata Riziki: Biashara ya Themu za Blogu



Vijana wengi katika vikundi vyetu wamesomea kompyuta, wana vyeti, na bado wako nyumbani. Mwezi huu tujifunze kazi moja ambayo mtaji wake mkubwa ni ujuzi na subira: kutengeneza themu za blogu na kuzitoa bure.

Themu ni nini?
Ni vazi la tovuti. Maneno na picha ni mwili. Themu huamua rangi, herufi na mpangilio. Programu ya WordPress, iliyoanza mwaka 2003, inaendesha zaidi ya theluthi moja ya tovuti zote duniani. Leseni yake inamruhusu yeyote kuitumia, kuibadilisha na hata kuiuza. Themu zinazoingia katika ghala lake la bure hufuata masharti hayo hayo.

Faida hutoka wapi?
Anayegawa hujulikana. Themu ya Astra, kutoka kampuni ya India, inatumika katika tovuti zaidi ya milioni moja. Ile ya kawaida ni bure. Anayetaka zaidi hulipa. Hapa Afrika tulikuwa na WooThemes ya Cape Town, iliyoanza 2008 kwa kuuza themu. Mwaka 2011 ilitoa bure programu ya duka, WooCommerce, ikawa inauza viongezo vyake. Mwaka 2015 ikanunuliwa na kampuni ya Automattic ya Marekani.

Basi pesa huingia kwa njia tatu:
1. Kuuza toleo lenye mambo zaidi.
2. Kumrekebishia mteja themu ipendavyo shughuli yake.
3. Kutunza tovuti yake kwa ada ya mwaka.

Tahadhari
Themu za bure ni maelfu, na nyingi hazitazamwi na mtu. Tena, cha bure kina gharama: watu watakuuliza maswali kila siku, na WordPress ikibadilika lazima urekebishe. Usiache kibarua chako kwa sababu ya themu moja.

Anza na shida unayoijua. Tengeneza themu ya shule, zahanati au SACCO, inayofunguka upesi kwenye simu na kula bando kidogo. Itoe bure, jina lako likiwa chini ya ukurasa. Halafu mwendee mwalimu mkuu wa jirani, umwonyeshe. Mweleze wazi: themu ni bure, lakini siku zako za kazi si bure. Andikianeni mapatano, na upokee malipo ya kwanza kabla ya kuanza. Tumeona vijana wakifanya kazi wiki mbili na kuambulia “asante” tu.

Ya kujadili kikundini
1. Ni nani hapa kwetu anahitaji tovuti na hana?
2. Kati yetu nani atachora, nani ataandika programu, nani atajibu wateja?
3. Tutagawa nini bure, na tutalipisha nini?