Mtoto Aliyevimba Si Mtoto Mnene

MASHAVU ya mtoto yakijaa, jirani humsifu mama yake: "Huyu analishwa vizuri!" Lakini, msomaji, jicho hudanganya. Kuna mtoto aliyejaa uso na miguu kwa sababu ya utapiamlo. Kuna na mwingine aliyenenepa kupita kiasi. Wote wawili wanahitaji msaada.

Huko Kakuma, Kaunti ya Turkana, kilio kikubwa ni cha watoto waliokonda. Ukame ulioanza mwaka 2020 uliua mifugo mingi ya wafugaji, na mifugo ikifa maziwa ya mtoto huisha. Katika kambi ya wakimbizi, iliyofunguliwa mwaka 1992, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao mwaka 2025 kwa kukosa fedha.

Utepe wa rangi tatu

Silaha kuu ya wahudumu wa afya ya jamii ni utepe mdogo wa kupimia mkono. Hata mama anaweza kufundishwa kuutumia. Hupimwa mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, mkono ukiwa umelegea. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, sentimita 12.5 na zaidi ni kijani: hajakonda. Kati ya 11.5 na 12.5 ni manjano: hali inaanza kuharibika. Chini ya 11.5 ni nyekundu: apelekwe kliniki siku hiyo hiyo.

Bonyeza miguu

Hata hivyo, utepe peke yake hautoshi. Katika unyafuzi, ambao wengi huuita kwashiakoo, maji hujikusanya chini ya ngozi. Mtoto huonekana mnene, kumbe amevimba. Nywele hubadilika rangi, ngozi hubambuka, naye huwa mnyonge na hataki kula.

Je, utamjuaje? Bonyeza kwa kidole gumba juu ya wayo wa kila mguu kwa sekunde 3, kisha uachilie. Ukiona shimo limebaki kwenye miguu yote miwili, usisubiri kesho. Mpeleke hospitali, hata kama utepe unaonyesha kijani.

Mtoto mwenye hamu ya kula na asiye na ugonjwa mwingine mara nyingi hutibiwa akiwa nyumbani, kwa chakula maalum cha karanga, maziwa ya unga, mafuta, sukari, vitamini na madini. Pakiti moja ya gramu 92 hutoa kilokalori 500. Chakula hiki ni dawa. Kikigawiwa ndugu zake au kikiuzwa, mgonjwa hatapona.

Nawe uliye mjini?

Usiseme hayo ni ya Turkana tu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na asilimia 3 wana uzito uliozidi. Nayo UNICEF ilitangaza mwaka 2025 kwamba duniani, miongoni mwa watoto wa miaka 5 hadi 19, walionenepa kupindukia sasa ni wengi kuliko wenye uzito pungufu. Unene huo huleta kisukari na shinikizo la damu baadaye.

Utepe wa mkono si kipimo cha unene. Mpeleke mtoto kliniki apimwe uzito na urefu, na uulize maana ya tarakimu hizo. Mnyonyeshe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza. Akikua, mpe maji badala ya soda: chupa ya kola ya mililita 300 inaweza kuwa na sukari ya vijiko vinane hivi vya chai. Mtoto wa shule acheze na kukimbia angalau saa moja kila siku.

Jirani akimsifu mwanao kwa mashavu, shukuru. Kisha kampime.