Kompyuta ya Linux Ikiwa Nzito: Jua Kwanza Inakwama Wapi

Mnamo Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya masasisho ya usalama kwa Windows 10. Kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11, kwa sababu mfumo huo unadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni. Baadhi ya wenye kompyuta hizo wamehamia Linux, hasa Linux Mint na Ubuntu, ambazo hazilipiwi. Walitarajia mashine ipate nguvu mpya. Lakini wengine huiwasha asubuhi, wakachemsha chai na kuinywa, na skrini bado haijatulia.

Jambo hili si dogo kwa mkazi wa Keringet. Tangu Juni 2023, zaidi ya huduma 5,000 za serikali zimewekwa kwenye eCitizen. Marejesho ya kodi ya KRA hujazwa mtandaoni, na mwisho ni Juni 30 kila mwaka. Mtu binafsi akichelewa hutozwa Sh2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, kutegemea ni ipi iliyo kubwa. Kompyuta ikiganda katikati ya fomu jioni ya siku hiyo, gharama ni yako.

Kabla ya kununua kompyuta nyingine, au kumlipa fundi aweke mfumo upya, tafuta chanzo. Mara nyingi ni RAM au diski. Fikiria RAM kama meza ya kuchambulia viazi, na diski kama ghala. Meza ikiwa ndogo, utakuwa ukibeba viazi kwenda na kurudi ghalani, na kazi haisongi hata kama mikono yako ni myepesi. Linux ikikosa nafasi kwenye RAM hufanya hivyo hivyo: huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, mahali panapoitwa swap.

Kupima ni rahisi. Fungua programu zako za kila siku, kisha fungua terminali, andika free -h na ubonyeze Enter. Kwenye mstari wa Mem, tazama namba ya mwisho, chini ya neno available. Ikiwa imebaki kidogo sana, na mstari wa Swap unaonyesha matumizi yanayozidi kupanda, RAM haitoshi.

Sasa andika top. Juu kabisa, kwenye mstari unaoanza na %Cpu, kuna namba iliyo kando ya herufi wa. Hiyo ni sehemu ya muda ambao prosesa inakaa bure ikingojea diski. Ikisimama kwenye 30 au 40 huku kila kitu kikijikokota wakati RAM ingalipo, diski ndiyo inayokuchelewesha. Bonyeza q ili utoke.

Linux Mint yenyewe hudai angalau GB 2 za RAM na kupendekeza GB 4; Ubuntu ya kawaida nayo imekuwa ikipendekeza GB 4. Hesabu hiyo, hata hivyo, ni ya mfumo kabla hujaanza kazi. Mlaji mkubwa wa RAM siku hizi ni kivinjari. Mtu mwenye GB 4 aliyefungua eCitizen, barua pepe, Facebook na video mbili kwa pamoja hana haki ya kuilaumu Linux. Funga kurasa usizozitumia. Katika Firefox, andika about:processes mahali pa anwani, na utaona ni ukurasa upi unaokula RAM.

Kwa mwenye GB 4 au chini, kuna msaada usiogharimu chochote isipokuwa bando: sudo apt install zram-config, kisha uwashe kompyuta upya. Zram hukandamiza data ndani ya RAM yenyewe ili diski isiguswe mapema. Haifanyi GB 2 kuwa GB 8, lakini tofauti huonekana.

Sura ya skrini pia ina uzito wake. Ubuntu huja na GNOME, na Mint ya kawaida huja na Cinnamon. Zote zinapendeza na zote zinahitaji nguvu kiasi. Xfce ni nyepesi zaidi. Huna haja ya kufuta mfumo ili uijaribu. Andika sudo apt install xfce4, toka kwenye akaunti yako, na unapoingia tena chagua Xfce kwenye kialama kilicho karibu na jina lako au kwenye kona ya skrini. Usipoipenda, rudi ulikotoka kwa njia hiyo hiyo. Pitia pia orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe, uzime zile unazozijua tu. Usizime masasisho, hayo ndiyo yaliyokufanya uhame.

Diski inahitaji maelezo zaidi kidogo. Diski za zamani zina sahani inayozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika, na kichwa kinachosogea kutafuta data. Diski ya namna hiyo hutafuta takriban mara mia moja tu kwa sekunde. SSD haina kitu kinachozunguka, na hufanya hivyo maelfu ya mara kwa sekunde. Ikiwa una pesa za kununua kifaa kimoja tu, na namba ile ya wa iko juu, nunua SSD. Hakuna amri ya terminali itakayokupa nafuu inayokaribia hiyo. Ukinunua RAM badala yake, beba ile ya zamani hadi dukani, kwa kuwa DDR3 haiingii mahali pa DDR4 na kurudi Molo au Nakuru mjini kubadilisha ni nauli mara ya pili.

Diski iliyojaa nayo huzorota. Andika df -h. Ikiwa mstari unaoishia na alama / pekee umepita asilimia 90, punguza mzigo. Amri ya sudo apt clean huondoa mafaili ya usakinishaji yaliyokwisha kutumika. Kwenye Mint, fungua Timeshift: nakala zake za mfumo huweza kukalia makumi ya GB bila wewe kujua. Bakisha mbili za karibuni. Usinakili amri ya kufuta kutoka kwa mtu usiyemjua, hasa inayoanza na sudo rm.

Kuna uzito mmoja usiofaa kusubiri. Kompyuta iliyokuwa sawa wiki iliyopita ikianza kuganda ghafla, au diski ikitoa sauti ya kugonga, fungua programu ya Disks na usome hali ya SMART. Ikitaja kasoro, usijaribu kuongeza kasi wala kusakinisha chochote. Chukua flashi au diski ya nje, hamisha kwanza rekodi za chama, nakala za vyeti na picha, ndipo umpigie fundi.