Kotimiri ya Nyumbani

Kotimiri huliwa mbichi, ndani ya kachumbari au juu ya mchuzi uliokwisha kuiva. Hapo ndipo penye hatari. Ikimwagiliwa maji ya mfereji mchafu, huweza kubeba vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na amiba hadi mezani, na kuisuuza mara moja hakutoshi. Ndiyo maana tunazishauri familia zipande yao.

Mbegu ni zile zile za giligilani za dukani, mradi hazikukaangwa wala kusagwa. Kila punje ina mbegu mbili ndani yake. Pitisheni chupa juu ya punje polepole mpaka zipasuke, kisha zilowekeni usiku kucha. Pandeni moja kwa moja kwenye tuta, kina cha sentimita 1, mistari iachane sentimita 20. Msioteshe kitaluni na kuhamisha miche. Mzizi wake mkuu ukiumia, mmea hukimbilia kutoa maua na majani huwa haba. Sisi tulipoteza tuta zima kwa kosa hilo. Miche huchomoza baada ya siku 7 hadi 14, pengine zaidi, basi msifukue mapema.

Samadi iwe imeoza kabisa. Mbichi huweza kuwa na vijidudu vya maradhi. Wekeni kivuli mchana, na mwagilieni maji safi kwenye udongo, si juu ya majani. Baada ya wiki 5 au 6 anzeni kukata majani ya nje. Pandeni mstari mwingine kila wiki 3, maana kotimiri haidumu. Na hata hii yenu, ioshwe kwa maji yaliyochemshwa. Kuku nao hupita bustanini.