TUTENGE NJIA KABLA YA KUJENGA
Somo la robo hii kwa kamati za maendeleo za sharika



Katika somo hili tunajifunza juu ya mipango ya barabara na maeneo ya ofisi za umma katika senta zetu zinazokua. Tumechukua Mwamapalala, kata iliyo katika Wilaya ya Itilima, kuwa mfano wetu. Lakini yanayosemwa hapa yanauhusu usharika wowote ulio mahali panapoanza kuwa mji. Lengo letu ni moja: kila kamati ijue barabara itapita wapi na ofisi itajengwa wapi kabla haijachimba msingi wa jengo lolote.

Kwa nini tujifunze sasa

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa wilaya za Mkoa wa Shinyanga, na Itilima yote ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Bariadi. Mwananchi wa Mwamapalala aliyetaka huduma ya halmashauri alikwenda Bariadi. Baada ya Itilima kuwa wilaya, makao yake makuu yaliwekwa Lagangabilili. Ikabidi patafutwe ardhi ya ofisi, ya nyumba za watumishi na ya barabara za kuyafikia majengo hayo.

Watu nao wameongezeka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu takriban milioni 1.58 katika mkoa wetu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 2.1. Barabara ya lami kutoka Lamadi hadi Bariadi, yenye kilomita 71.8, ilizinduliwa Januari 2017. Palipo na lami bei ya kiwanja hupanda, maduka husogea barabarani, na mwenye shamba huanza kuuza vipande.

Mabadiliko haya hufika hadi kwenye kata. Ofisi ya mtendaji iliyojengwa vyumba viwili huonekana inatosha. Kisha anakuja afisa ugani, afisa maendeleo ya jamii, na baraza la kata linahitaji mahali pa kukaa. Wakati huo pembeni ya ofisi tayari pana nyumba ya mtu, kibanda cha mashine ya kusaga na makaburi ya ukoo. Kuipanua ofisi kunakuwa ni kuwahamisha majirani, na majirani hao ndio wakristo, waislamu na wazee wa jadi tunaoishi nao kila siku.

Tunalo somo letu wenyewe: ngitili

Wasukuma hawahitaji kufundishwa upya maana ya kutenga ardhi. Wazee wetu walitenga ngitili. Mvua zinapoanza, sehemu ya malisho inafungwa, majani yanakua, na mifugo inaingizwa humo wakati wa kiangazi sehemu nyingine zinapokuwa zimeisha. Aliyeingiza ng'ombe kabla ya wakati alijibu mbele ya jamii.

Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ulioendeshwa kuanzia mwaka 1986 hadi 2004, ulijengwa juu ya desturi hiyo. Zaidi ya hekta 300,000 za ngitili zilirudishwa katika mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, na Simiyu ya leo ikiwemo kwa sehemu yake kubwa. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta ya kimataifa.

Kutenga njia na eneo la ofisi kunafanana na kutenga ngitili. Ardhi inafungwa leo, ingawa mtu mwenye haraka anaiona kuwa inakaa bure, ili ipatikane siku ya mahitaji. Na kama ilivyo kwa ngitili, mpaka unaheshimiwa pale tu jamii yenyewe imeukubali na kuulinda.

Tufanye hesabu ndogo. Njia yenye upana wa mita 10 na urefu wa mita 600 inachukua mita za mraba 6,000, yaani kama ekari moja na nusu. Ikigawanywa kwa wenye mashamba wote wanaopakana nayo, kila mmoja anatoa ukanda mwembamba. Kazi hii ni nyepesi wakati pana mtama na pamba tu. Pakishajengwa nyumba za tofali, ukanda huohuo unabomoa ukuta wa mtu.

Sheria inasema nini

Kamati hazihitaji kuwa wanasheria, ila mambo haya matano ni vizuri yajulikane.

1. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Barabara za wilaya, za mijini na za vijijini ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Kamati ijue kwanza barabara iliyo mbele yake ni ya nani.

2. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake za mwaka 2009, hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Zamani ilikuwa mita 22.5 kila upande. Upana huu si wa magari peke yake. Katika udongo wetu mweusi wa mbuga barabara bila mtaro mpana haidumu masika mawili, na pembeni yake lazima zipite nguzo za umeme, mabomba ya maji, watoto wa shule na ng'ombe.

3. Aliyekuwepo kihalali kabla hifadhi haijapanuliwa anastahili fidia ardhi yake inapohitajika. Kwa kawaida nyumba yake huwekwa alama ya X ya kijani. X nyekundu ni ya aliyejenga ndani ya hifadhi, naye hubomoa bila fidia.

4. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Kanuni za mwaka 2001 zinahesabu thamani ya ardhi na maendelezo yake, na kuongeza posho za usumbufu, usafiri na makazi. Haki ya mwanamke katika ardhi ni sawa na ya mwanamume. Mjane anayelima kando ya barabara aandikwe kwa jina lake, asiandikwe kwa jina la shemeji.

5. Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kauli juu ya mpango wa matumizi yake. Mwongozo wa Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi unaigawa kazi ya kuandaa mpango huo katika hatua sita, na wananchi hushirikishwa tangu mwanzo.

Yaliyotokea Ubungo na Kimara

Mwaka 2017 Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, ilianza kuandaliwa kwa upanuzi. Upande wa Kimara hifadhi ilidaiwa kuwa mita 121.5 kila upande, kwa sheria ya tangu enzi za ukoloni. Nyumba nyingi zilibomolewa, na wengine walikuwa wamekaa hapo miaka mingi wakilipia umeme. Pale Ubungo hata sehemu ya jengo la makao makuu ya TANESCO, shirika la umma, iliamriwa ibomolewe mwaka huohuo.

Jengo la ghorofa la shirika la serikali halikusalimika. Kanisa la mtaa, darasa la chekechea au zahanati iliyojengwa kwa sadaka na kwa michango ya wafadhili haitasalimika kwa sababu tu ina msalaba juu ya paa.

Kamati ifanye nini

Kwanza, ipime. Chukueni tepu, anzieni katikati ya barabara, mpime hadi kona ya jengo na hadi mpaka wa kiwanja. Andikeni vipimo, kisha mviulize ofisi ya TANROADS au TARURA kama viko salama.

Pili, itafute karatasi. Viwanja vingi vya sharika vilitolewa kwa neno la mzee mwenye shamba, na mzee huyo akishafariki watoto wake wanaweza kudai. Muhtasari wa halmashauri ya kijiji upatikane, mipaka ioneshwe mbele ya majirani, na umiliki uandikishwe kwa jina la Bodi ya Wadhamini.

Tatu, ihudhurie. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika angalau kila miezi mitatu. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo hoja ya kutenga njia, mapalio ya mifugo au eneo la ofisi ya kata ifike kijijini miezi mingi kabla, kupitia mpango wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo.

Nne, iwe mfano. Kama ukanda wa kiwanja cha usharika unahitajika kwa njia ya wote, jambo hilo lipelekwe kwenye Baraza la Wazee na kwa Wadhamini, lijadiliwe na kuamuliwa kwa maandishi. Hatuwezi kumwomba jirani asogeze ua wake wakati ua wetu uko njiani.

Kwa wafadhili wetu tunaomba neno moja. Mnapopokea andiko la ujenzi, ulizeni mchoro wa kiwanja na umbali wake kutoka katikati ya barabara, na mkubali gharama ya upimaji iwemo kwenye bajeti. Fedha hiyo haionekani kwenye picha ya uzinduzi, lakini ndiyo inayolilinda jengo lililo kwenye picha.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Barabara iliyo karibu na kanisa letu iko chini ya TANROADS au TARURA? Tuko mita ngapi kutoka katikati yake?
2. Nani ana karatasi za kiwanja chetu, na zinasema jina la nani?
3. Ofisi ya kata yetu ikihitaji kupanuka, itaelekea upande gani, na nani anaishi huko?
4. Ni wajane au wazee gani kando ya barabara ambao haki yao haijaandikwa, na nani kati yetu atawatembelea mwezi huu?
5. Mkutano mkuu ujao wa kijiji ni lini, na nani atasimama kuzungumza?

Majibu ya maswali haya yaandikwe katika kitabu cha mihtasari. Nakala itumwe kwa mratibu wa miradi kabla ya toleo lijalo, ili sharika nyingine nazo zijifunze kutokana na mtakayoyaona.