Sikio lako halina kasoro, mdogo wangu

Mdogo wangu fundi wa Tandika,

Barua yako ni ndefu na nimeisoma yote, ila kuna sentensi moja uliyoipachika katikati kana kwamba haina uzito: "Labda mimi ndiye niliyeumbwa vibaya." Hiyo ndiyo iliyonifanya nikujibu wiki hii badala ya kukuweka kwenye foleni.

Hebu nihakikishe nimekuelewa. Unashona siku 6 kwa wiki, saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, na kinachokusogezea siku ni redio, simulizi na mawaidha kwenye simu. Kaka yako aliyeko Mwanza akakutumia spika za masikioni zisizo na waya, zile zenye vipira vya silikoni. Ukizivaa nusu saa tu tundu la sikio linauma, kisha linawasha, na usiku bado unahisi kuna kitu kimebaki ndani. Ukabadilisha vipira ukaweka vidogo kabisa, maumivu yakazidi. Mwenzako wa cherehani ya pili anakutania kwamba una masikio ya mtoto mchanga. Muuzaji mmoja wa Kariakoo akakwambia spika zisizo na vipira zimepitwa na wakati. Sasa umetenga shilingi 60,000, unaogopa kuzitupa, unawaza kama usubiri miezi mingine ufikishe hela ya AirPods, na moyoni unaona haya kumwambia kaka kwamba zawadi yake inakuumiza.

Wewe ni fundi. Mteja akija gauni likimbana kwapani, unamwambia kwapa lake ni baya? Unafumua, unaachia mshono, unapima upya. Sasa kwa nini sikio lako ulihukumu kwa kosa la kitu kilichotoka kiwandani kikiwa na saizi tatu tu za vipira?

Tundu la sikio halijanyooka kama mrija. Lina kona, na ngozi yake kwa ndani ni nyembamba mno, imelala karibu kabisa na mfupa. Isitoshe, halitulii: weka kidole kwenye tundu la sikio halafu tafuna au cheka, utahisi ukuta wake unasogea. Wewe unaongea na wateja kutwa, unashika pini mdomoni, unacheka na huyo mwenzako mtani. Kila mara taya linapofunguka, kipira kilichojaa tundu zima kinasuguana na ngozi ile ile. Wapo wasiohisi chochote. Wapo wanaoumia kama wewe, nao si wachache. Ndiyo maana wapo watengenezaji ambao hawajaacha kutoa zile za kukaa nje ya tundu.

Hapo kwenye kuchagua kipira kidogo kabisa ulifanya wanachofanya wengi, na inaeleweka. Ila kipira kidogo kuliko tundu hakishiki, kwa hiyo unakisukuma ndani zaidi ili kisidondoke, na huko ndani ndiko kwenye ile ngozi nyembamba. Kabla hujaziweka kando kabisa, jaribu vile vya saizi ya kati, visimame mlangoni bila kusukumwa. Vikiuma tena, basi, umemaliza.

Umesema pia una hakika una mzio wa silikoni. Sidhani. Mzio huo upo lakini ni nadra. Kinachotokea zaidi kwenye joto la Dar es Salaam ni jasho kufungiwa ndani, na nta, ambayo kwa kawaida hutoka yenyewe polepole ikisaidiwa na mwendo wa taya, kurudishwa ndani na kipira kila asubuhi. Ngozi ikikaa na unyevu inalainika, inawasha, na vijidudu vinapata pa kuingilia. Halafu wewe ukaongeza vijiti vya pamba! Hivyo viache leo, vinaisukuma nta mbele na kuikwaruza ngozi iliyokwisha kuchoka. Lipumzishe sikio hadi muwasho uishe. Likiuma unapolivuta, likitoa maji au usaha, likiziba, au likivuma lenyewe bila sababu, nenda hospitali ukamwone daktari kabla hujanunua kitu chochote. Sitanii katika hili.

Huyo muuzaji wa Kariakoo huenda hakukusudia kukudanganya, labda alikuwa anasema kilichomo kwenye rafu yake. Lakini AirPods 4, zilizotoka mwaka 2024, hazina vipira. Samsung nao mwaka huo huo walitoa Galaxy Buds3 za kawaida bila vipira. Na katika bei za chini, zinazokuhusu wewe, zipo Redmi Buds 6 Active, Huawei FreeBuds SE 2 na AilyPods za QCY. Hizo zote hukaa kwenye bakuli la sikio, yaani lile bonde lililo nje ya tundu, zikishikiliwa na kile kinyama kidogo kilicho mbele yake, huku mdomo wa spika ukielekea ndani bila kuingia. Bei inategemea duka na msimu, kwa hiyo ulizia maduka kadhaa kabla hujatoa pochi.

Na soma jina lote kwenye boksi, hadi neno la mwisho. Redmi Buds 6 Active hazina vipira, lakini Redmi Buds 6 Play zinavyo, na boksi zote mbili utazikuta zimekaa kaunta moja. Picha ya mbele ya boksi ndiyo shahidi wako: ukiona duara la mpira laini kwenye ncha, rudisha.

Sasa nikwambie utakachopoteza, maana sitaki uje kuniandikia barua ya pili. Besi itapungua. Sauti nzito zinahitaji tundu lililozibwa, pakiwa na mwanya zinavuja. Ngoma na gitaa la besi havitakutikisa kama zamani. Na ukiwa kwenye daladala, kelele zote za barabarani zitaingia. Kwa mtu wa muziki mtupu huo ni upungufu mkubwa. Kwako wewe unayesikiliza watu wakizungumza, nadhani hutauona sana, kwa sababu maneno ya mtu hayategemei besi.

Na kuna unachopata ambacho hukukitaja kwenye barua, nikashangaa kwa sababu wewe ndiye unayepaswa kunifundisha mimi. Fundi husikia cherehani yake kabla hajaiona ina tatizo. Sindano ikianza kugonga bamba la chini, kuna mlio. Uzi wa bobini ukiisha, mashine inabadilisha sauti, na usiposikia utashona pindo zima la gauni bila uzi wa chini. Masikio yakiwa yamezibwa, hayo yote yanakupita. Mteja akisimama nyuma yako akaita mara mbili bila kujibiwa, anaona umemdharau. Kuna na ule mvumo wa kichwani unaosikia ukiongea huku masikio yamezibwa, kama unazungumzia ndani ya pipa, nao utaondoka. Kwa kazi yako, spika zinazoacha tundu wazi ndizo ningekuchagulia hata kama zile nyingine zisingekuuma.

Jambo la mtandio umeligusa juu juu, nami nalitazama kwa makini. Umesema unavaa kutwa nzima na unaubana vizuri usikuangukie machoni ukiinama. Basi sehemu ya maumivu inatoka hapo. Kitambaa kinaisukuma spika ndani kidogo kidogo, saa baada ya saa. Hata hizi zisizo na vipira zitakuchosha zikibanwa hivyo, safari hii kwenye ule ukingo mgumu wa bakuli la sikio. Ukizivaa, zungusha kile kimkia cha spika kielekee pembe ya mdomo, sio kichomoze mbele, kisha legeza kile kikofia cha ndani ya mtandio usawa wa masikio tu. Pia spika nyingi hupokea amri kwa mguso, kwa hiyo mtandio ukisugua redio inazima au simu inajipokea yenyewe. Nyingine zina programu ya simu inayokuruhusu kuzima mguso huo. Muulize muuzaji kabla hujalipa, na akuonyeshe.

Kwa sababu hiyo hiyo sikushauri zile za kuning'inia kwa ndoano nyuma ya sikio, wala zile za kubana ukingo wa sikio kama hereni. Ni nzuri, watu wanazisifu, na hazigusi tundu kabisa. Lakini chini ya mtandio uliobanwa, pamoja na mikono ya miwani uliyosema unavaa ukishona, nyuma ya sikio patakuwa na msongamano.

Tuje kwenye AirPods. Nakuomba usisubiri. AirPods 4 zilitoka Marekani kwa dola 129, hiyo ni zaidi ya laki tatu kabla hata hazijafika bandarini kwetu, na bado hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba zitakaa kwenye sikio lako. Zina umbo moja kwa watu wote. Wapo wanaozivaa kutwa wakasahau, wapo zinaowadondoka wakipiga chafya. Bei inakununulia maikrofoni bora na mambo mengine mengi, lakini haikununulii umbo. Na ukikutana na mtu anayekuuzia "AirPods" kwa hiyo 60,000 yako, jua ni za kuiga, hata kama zinafanana hadi maandishi na hata kama zinafungua kidirisha kile kile kwenye iPhone. Afadhali kitu cha bei ndogo chenye jina lake mwenyewe, risiti na waranti, kuliko cha jina kubwa la kuazima.

Lililobaki ni sauti, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, zinabaki saa 4 tu kwa wiki nzima. Wewe uko hapo kibarazani unaposhonea saa 60 kwa wiki. Spika zinazoacha tundu wazi zina mtego mmoja: lori likipita unaongeza sauti ili usikie, likishapita unasahau kupunguza. Kwa hiyo weka sauti asubuhi kibaraza kikiwa kimya, kisha usiiguse. Lori likipita, acha lipite, mtangazaji atarudia. Mwenzako wa cherehani ya pili akisema jambo kwa sauti ya kawaida usimsikie, umezidisha.

Tena si lazima uvae zote mbili. Vaa moja, nyingine iwe kwenye kasha inachaji, mchana ubadilishe sikio. Ngozi inapumzika na chaji inakufikisha jioni. Ila kabla ya hapo ingia kwenye mipangilio ya simu, upande wa huduma za wenye ulemavu, uwashe sauti ya mono. Bila hiyo, tamthilia zilizorekodiwa kwa pande mbili zitakupa mhusika mmoja tu, mwenzake anaongea ndani ya kasha!

Sasa kaka yako. Unaona kumwambia ukweli ni utovu wa shukrani, lakini mfikirie yeye kidogo. Alitoa hela yake akitaka siku yako ya kazi iwe nyepesi. Unafikiri angefurahi kujua unaumia kila siku ili asijisikie vibaya? Mpigie, usimwandikie, asikie sauti yako. Mwambie: "Kaka, zawadi yako naipenda, ila masikio yangu hayapatani na vile vipira, kwa hiyo za kazini natafuta za aina nyingine. Zako nitazitumia safarini." Na kweli uzitumie, kama saizi ya kati itakubali: ukiwa kwenye basi la kwenda nyumbani Tanga, hapo kuziba muungurumo wa injini ni faida, na huhitaji kupandisha sauti. Kama hazikubali kabisa, muulize yeye mwenyewe ungempa nani. Uamuzi mkiufanya wawili, haya inaisha.

Kariakoo nenda siku ya kazi, asubuhi, wauzaji wakiwa hawajazidiwa na watu. Chukua simu yenye chaji na kitambaa chenye spiriti, maana spika ya kujaribia imeshaingia masikio mengi. Vaa ule mtandio wako wa kazini. Ukishaiweka spika sikioni, usisimame wima kama unapigwa picha: inama kama unatunga uzi kwenye sindano, tikisa kichwa, tafuna hewa, zungumza na muuzaji dakika kadhaa kuhusu bei. Ikilegea kidogo tu bila kudondoka, uliza kama wana vile vifuniko vya sponji vya bei ndogo. Vinaongeza mshiko na ulaini, ingawa itabidi uvivue kila unapozirudisha kwenye kasha, la sivyo halifungi na hazichaji. Ikikuuma hapo hapo dukani, usijiambie utazoea. Muuzaji akikataa usijaribu hata ile ya maonyesho, mshukuru, uende duka la pili. Pale Mtaa wa Aggrey maduka yamepangana, hutatembea mbali.