Kuzingirwa kwa Boma la Isike: Maswali Yanayoulizwa Bukoba na Muleba

Watoto wetu wa Bukoba na Muleba hufundishwa habari za Mkwawa wa Uhehe na za Kinjeketile wa Maji Maji. Isike wa Unyanyembe hupitiwa kwa haraka, kana kwamba Tabora haina uhusiano wowote na watu wa Ziwa. Uhusiano upo, tena wa karibu. Msafara uliopandisha bendera ya Ujerumani Tabora mwaka 1890 ndio huo huo uliokuja kufungua kituo cha Bukoba mwishoni mwa mwaka ule. Maelezo haya yanajibu maswali ambayo watu huuliza mara kwa mara kuhusu vita vya Isike na Wajerumani.

Isike alikuwa nani?

Alikuwa mtemi wa Unyanyembe, himaya ya Wanyamwezi iliyouzunguka mji wa Tabora, na alianza kutawala mwaka 1876. Tabora ilikuwa njia panda ya misafara yote mikubwa. Waliotoka Bagamoyo walifika hapo kwanza, kisha wengine wakaelekea Ujiji, wengine Katanga, na wengine wakapanda kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Pale Kafuro, Karagwe, wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo chao. Kwa hiyo nguo na shanga zilizofika kwa abakama (watawala) wetu zilipita katika nchi ya Isike, na pembe za ndovu zilizotoka huku zilirudi kwa njia hiyo hiyo.

Kila msafara ulitoa hongo kwa mwenye nchi. Hongo hiyo ilikuwa ushuru wa kupita, na ndiyo iliyompa mtemi uwezo wa kununua bunduki na baruti. Isike alizihitaji sana, maana jirani yake alikuwa Mirambo wa Urambo, shujaa aliyeitikisa nchi yote mpaka alipofariki mwaka 1884. Boma imara la Isike, karibu na Tabora, lilitokana na miaka hiyo ya vita vya majirani, kabla Mjerumani hajatokea.

Wajerumani walitaka nini kwake?

Walitaka njia. Pwani walikuwa wamekwisha kupambana na Bushiri bin Salim, aliyewaongoza watu wa Pangani na Bagamoyo tangu mwaka 1888 na kuwabana Wajerumani katika vituo vyao. Hermann von Wissmann aliletwa na jeshi la askari wa Kisudani waliosajiliwa Misri na wengine kutoka Msumbiji, na Desemba 1889 Bushiri akanyongwa Pangani. Baada ya pwani ikafuata bara, na huwezi kuishika bara bila kuishika Tabora.

Hapo ndipo anapoingia Emin Pasha. Aliwahi kuwa gavana wa Ikwatoria kwa niaba ya Misri, na mwaka 1889 alipita Karagwe pamoja na mpelelezi Stanley wakielekea pwani. Aliijua nchi yetu kwa macho yake. Akaingia katika utumishi wa Ujerumani, na Aprili 1890 akaondoka Bagamoyo kurudi bara akiwa na Franz Stuhlmann na Wilhelm Langheld. Agosti alikuwa Tabora, akafanya mapatano na Waarabu wakubwa wa mji. Novemba alikuwa ameshafika ufukweni Bukoba. Emin mwenyewe hakukaa. Alikwenda magharibi mwaka 1891 na kuuawa Kongo mwaka 1892. Langheld ndiye aliyebaki na kuiendesha Bukoba.

Itazameni Bukoba ya siku zile: kituo kidogo kando ya Ziwa, chenye askari wachache, na barua na mizigo yake ya kutoka pwani kwa njia ya Tabora ilitegemea usalama wa nchi ya Isike. Mtemi huyo alipogoma kuwa mtu wa chini yao na kuibana misafara, aliugusa mshipa wa utawala wote wa bara.

Mzingiro wenyewe ulikuwaje?

Mwaka 1892 Wajerumani walilishambulia boma lake zaidi ya mara moja, na kila mara walirudi mikono mitupu. Kuta ziliwalinda watu wa ndani, nao walikuwa na bunduki za kujibu. Kushindwa huko kuliwauma Wajerumani mno, kwa sababu mwaka mmoja tu nyuma, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe walikuwa wamemuua kamanda wao Zelewski pale Lugalo pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake.

Januari 1893 akaja Tom von Prince, ofisa ambaye watu walimwita Bwana Sakarani. Alilizingira boma, na baada ya mapigano ya siku kadhaa askari wake wakaingia ndani. Tusisahau waliokuwamo: boma la mtemi lilikuwa makazi, lenye wanawake, watoto na wazee pamoja na wapiganaji. Isike alipoona yamekwisha, aliingia katika ghala la baruti na kulilipua, yeye na watu wa nyumba yake, ili asikamatwe. Walimkuta angali na uhai kidogo, wakambeba hadi mtini wakamnyonga. Mtu aliyekuwa anakufa! Sioni haja ya kulipamba tendo hilo kwa lugha laini.

Mwaka uliofuata Prince huyo huyo alikuwapo Kalenga, ngome ya mawe ya Mkwawa karibu na Iringa, iliyopigwa mizinga na kutekwa tarehe 30 Oktoba 1894. Mkwawa aliponyoka, akapigana msituni hadi Julai 1898 alipojiua kwa risasi asikamatwe.

Je, vilikuwa vita vya uhuru?

Ndiyo, kwa maana ya watu kukataa kutawaliwa na wageni. Lakini Isike hakuwa akiipigania Tanzania, nchi ambayo haikuwapo. Alipigania Unyanyembe, enzi yake na mapato ya njia. Unyanyembe yake ilihusika pia na biashara ya watumwa kama Tabora nzima. Kumheshimu hakutulazimishi kumfanya malaika.

Mbona kwetu hakukuwa na mzingiro kama huo?

Hili ndilo swali linalowasumbua vijana wengi, na wengine hulijibu kwa kusema wazee wetu walikuwa waoga. Si kweli, na si haki. Buhaya haikuwa chini ya mtawala mmoja. Kulikuwa na Kiziba, Bugabo, Kyamutwara, Kianja, Ihangiro (ambayo leo iko Muleba) na nyingine, kila moja na mukama wake na ugomvi wake na jirani. Kaskazini, Buganda ilikuwa imezoea kuingilia mambo ya nchi hizi na kudai kodi. Karagwe, iliyokuwa na sifa kubwa enzi za mukama Rumanyika, ilidhoofishwa na magombano ya urithi baada ya kifo chake, na miaka ya mwanzo ya 1890 ikaletewa sotoka iliyoteketeza ng'ombe.

Katika hali hiyo mgeni mwenye bunduki alionekana kwa wengine kuwa silaha ya kumtumia dhidi ya jirani. Kahigi wa Kianja aliliona hilo mapema kuliko wote, akashirikiana na Wajerumani na kupanua eneo lake. Kwa maoni yangu alicheza mchezo uleule wa kulinda enzi ambao Isike aliucheza kwa bunduki. Tofauti ni gharama, na nani aliyeilipa: kwa Isike ililipwa siku moja, kwetu ililipwa na wananchi kwa miaka mingi, kwa kodi na kazi za kulazimishwa.

Tufanye nini na mabaki ya enzi hizo?

Katika mikoa mingi nchini kuna watu wanaochimba kwenye majengo na makaburi ya Wajerumani wakitafuta rupia na mali wanayoamini ilifichwa. Wanachokiharibu ni ushahidi, na ukishavunjwa haurudi. Ukikuta risasi kuukuu, sarafu, kipande cha silaha au msingi wa jengo la zamani shambani kwako, usiendelee kuchimba wala usikiuze kwa mpita njia. Risasi au kombora usiliguse kabisa, maana baruti ya zamani bado inaua. Toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji au mtaa wako. Na kama nyumbani kuna mzee anayezijua habari za kale za eneo lenu, mwekeeni simu ya kurekodi mwezi huu, mtaje jina lake na la kijiji mwanzoni mwa sauti, na nakala moja ipelekwe kwa mwalimu wa historia wa shule iliyo karibu.